Mstari wa Mnazi Mmoja

Wenyeji wa Dar es Salaam wana maneno matatu ambayo mgeni hatayakuta kwenye ramani, lakini bila hayo hawezi kuuelewa mji: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. La kwanza limezeeka, na vijana wameliweka neno ushuani mahali pake. La pili limebaki vinywani mwa watu wazima. La tatu lingali hai, ila limebadilika maana. Zamani Uswahilini palikuwa mahali wakaapo Waafrika. Siku hizi ni mahali wakaapo watu wa kipato kidogo, na mtu akiambiwa ana mambo ya uswahilini hatukanwi rangi yake, anatukanwa mfuko wake. Nataka kueleza jinsi neno hilo lilivyohama kutoka kwenye rangi hadi kwenye fedha, huku mahali penyewe pakibaki karibu palepale.

Mji huu ulianzishwa na Seyyid Majid, Sultani wa Zanzibar, katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia hapa makao yao makuu kutoka Bagamoyo, na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi zilizougawa mji kwa aina ya nyumba. Upande wa bahari zilitakiwa nyumba imara za mtindo wa Kizungu. Vibanda vya udongo na makuti vilitakiwa kukaa mbali.

Waingereza waliuteka mji mwaka 1916. Hao walikuwa na shida moja: Tanganyika walikabidhiwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na sheria iliyobagua watu waziwazi kwa rangi ingewaletea maswali. Kwa hiyo sheria haikutaja ngozi, ilitaja matofali. Mwaka 1924 mji ulipangwa katika maeneo matatu. La kwanza lilikuwa la nyumba za kuishi za Kizungu, la pili la nyumba za kuishi na biashara, na la tatu la nyumba za kienyeji. Hakuna aliyeambiwa kwamba hatakiwi eneo la kwanza. Aliambiwa tu ajenge nyumba ya kiwango kile, naye mwenye mshahara wa kuli au wa boi angeipata wapi? Kati ya eneo la pili na la tatu pakaachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, ambao wakubwa walisema ni kwa ajili ya kuzuia maradhi yasivuke.

Ng'ambo ya uwanja huo ndiko Kariakoo, ambayo jina lake lilitokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Huko ilisitawi nyumba ya Kiswahili tuijuayo: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma wenye jiko na choo. Ilikuwa nyumba na duka kwa wakati mmoja, maana mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vingine. Lakini kiwanja chake alikishika kwa kibali cha muda mfupi, ilhali mwenzake wa Uzunguni au Uhindini aliweza kupewa ardhi kwa miaka mingi, hata 99. Naomba msomaji aitie tofauti hiyo akilini. Karatasi ya miaka 99 unaweza kuipeleka benki ukakopa. Kwa kibali cha muda mfupi huwezi kumkopa hata jirani.

Baba yangu alikuwa mpishi Oysterbay. Siku za kazi alilala chumba cha uani kwa bwana wake, na sisi tulipanga chumba Ilala. Jumapili alikuja kwa baiskeli kupitia daraja la Salenda. Kwa anwani alikuwa mtu wa Uzunguni, kwa mshahara alikuwa mtu wa Uswahilini. Nimekumbuka habari zake kila niliposikia watu wakisema kwamba matajiri na maskini wa mji huu hawajuani. Wanajuana sana. Waliishi ua mmoja.

Mwaka 1949 kampuni ya Sir Alexander Gibb ilitengeneza mpango mkuu wa mji. Safari hii maeneo yaligawanywa kwa wingi wa watu: msongamano mdogo, wa kati na mkubwa. Kila aliyeusoma alielewa kwamba mdogo ni wa Wazungu, wa kati ni wa Wahindi, na mkubwa ni wa Waafrika. Maneno hayo ya kitaalamu yalikuwa safi kiasi kwamba uhuru ulipokuja mwaka 1961 hakuna aliyeona haja ya kuyafuta. Ubaguzi wa rangi uliondolewa katika sheria, lakini ukubwa wa viwanja ulibaki, na upana wa barabara, na mabomba ya maji, na mitaro. Ofisa Mwafrika alihamia nyumba aliyoiacha ofisa Mwingereza. Mpishi alibaki uani.

Sisemi kwamba hakuna lililofanyika. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilibomoa nyumba za udongo na kujenga za matofali, hasa Magomeni. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na Uhindini ikapata mwenye nyumba mpya aliyeitwa Msajili wa Majumba. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vilipimwa viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikatiwa barabara na maji. Haya yalipunguza makali. Mpaka leo Dar es Salaam ina mitaa mingi ambamo mwalimu, mchuuzi na mwenye lori wanapakana ukuta kwa ukuta. Lakini viwanja havikutosha hata kidogo, na watu walikuja kila siku.

Hapa ndipo historia inapoingia nyumbani kwangu. Mimi nilikuwa mwalimu. Mdogo wangu ni fundi cherehani. Katika mwezi wa Ramadhani, watu wanaposhona nguo za Idi, pato lake lilizidi mshahara wangu. Mimi nilipata kiwanja Sinza. Yeye aliomba, hakupata, akanunua sehemu kwa mtu katika bonde la Msimbazi na kujenga vyumba vinne. Nyumba zetu zilipishana kidogo mno. Tofauti ilikuwa kwamba yangu ilikuwa na namba kwenye ramani ya serikali na yake haikuwa nayo.

Basi angalia miaka ilivyofanya kazi. Kwa ile namba nilikopa Benki ya Nyumba nikamalizia nyumba. Bomba lilikuja mpaka mlangoni. Yeye alinunua maji kwa ndoo, na maji ya ndoo siku zote ni ghali kuliko ya bomba. Nilipanua nyumba nikapangisha. Yeye kila masika alirudia kuziba ukuta uleule. Mwezi Desemba 2011 mafuriko makubwa yaliua watu wapatao 40 mjini, na bonde lake lilifunikwa. Walionusurika, yeye akiwa mmoja wao, walipewa viwanja Mabwepande, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya mji. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na kiwanja kilichopimwa. Wateja wake walikuwa wamebaki bondeni.

Tumezoea kusema kwamba watu maskini huenda kukaa mahali pa maskini. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mtu anaweza kuingia mahali akiwa na pato sawa na la mwenzake, na mahali penyewe pakamfanya maskini, kidogo kidogo, kwa bei ya maji, kwa nauli, kwa kukosa karatasi ya kuweka rehani. Mdogo wangu hakuwa mvivu wala mlevi. Tuliachana pale ramani ilipotuachanisha, na ramani hiyo ilichorwa kabla ya sisi kuzaliwa.

Wala kalamu haijawekwa chini. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliwawezesha wakazi wa maeneo yasiyopimwa kupata leseni ya makazi. Ni hatua njema, na nimewashauri wengi waichukue. Hata hivyo leseni hiyo ni ya miaka michache tu, wakati hati ya kiwanja kilichopimwa yaweza kufika miaka 99. Anayeijua habari ya Kariakoo ya Waingereza ataitambua tofauti hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliuza nyumba zake nyingi kwa watumishi wake, na aliyekuwa na nyumba ya kazi upande wa ushuani akawa na mali ambayo mwalimu wa Mbagala hawezi kuilipia kwa mshahara wa maisha yake yote.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu. Ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Watu milioni moja zaidi kwa miaka kumi lazima walale mahali. Mwezi Machi 2022 yalizinduliwa mambo mawili mjini. Moja lilikuwa Daraja la Tanzanite, linalopita baharini kando ya Salenda kuelekea Oysterbay. La pili lilikuwa maghorofa ya Magomeni Kota, yaliyojengwa kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zimeondolewa pale miaka mingi nyuma, nazo zikarudishwa mahali pao, karibu na kazi zao na soko lao. Daraja ni zuri, nami nimelipita. Lakini mtu akitaka kujua kama mstari wa Mnazi Mmoja unafutika, asihesabu madaraja. Ahesabu kaya kama zile 644, kisha aulize ni ngapi bado ziko bondeni zikisubiri masika.