Kaburi la Mtoto katika Panga ya Saidi

Nyuma ya pwani ya Kilifi, katika nchi ya Kenya, vipo vilima vya mawe ya chokaa, na ndani yake, mwendo wa kilometa 15 hivi kutoka baharini, lipo pango kubwa liitwalo Panga ya Saidi. Msomaji wa bara asikiapo jina hilo huenda akadhani ni habari ya panga la kufyekea. Sivyo. Katika lugha za Wamijikenda panga ni lile lile pango la Kiswahili. Wenyeji hulicha pango hilo hata leo, na wapo waendao humo kufanya maombi na ibada za kimila. Basi kwamba mahali hapo ni pa heshima, jambo hilo lilijulikana. Lakini kwamba heshima kwa wafu ilipata kuonyeshwa humo kabla ya taifa lolote la leo kuwako, hilo halikujulikana mpaka sakafu yake ilipochimbwa.

Kazi ya kuchimba ilianza mwaka 2010, nayo ilifanywa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wataalamu kutoka ng'ambo. Sakafu ya pango si mwamba mtupu, bali ni udongo uliojirundika kidogo kidogo, pamoja na majivu, vipande vya mawe na mifupa ya wanyama walioliwa. Aliyeishi kwanza takataka zake ziko chini, na aliyekuja baadaye zake ziko juu. Kwa hiyo wachimbaji huondoa tabaka moja baada ya moja, wakiuchekecha udongo, ili vitu vya zamani mbalimbali visichanganyike. Walishuka zaidi ya meta tatu, nao wakahesabu matabaka 19, yaliyochukua miaka ipatayo 78,000.

Katika matabaka hayo mna habari nyingi za maisha. Watu wa kwanza walitumia vyombo vikubwa vya mawe. Yapata miaka 67,000 iliyopita vikaanza kuonekana vyombo vidogo vilivyochongwa kwa ustadi zaidi, ingawa vile vya namna ya zamani havikuachwa mara moja. Ilionekana pia shanga ya kombe la bahari, ambayo umri wake ni kati ya miaka 67,000 na 63,000, nayo ni ya kale kupita shanga zote zilizopata kuonekana katika Kenya. Mifupa ya wanyama na mabaki ya mimea yaonyesha kwamba kando ya pango palikuwa na msitu na mbuga pamoja, hata mtu aliweza kupata riziki yake pande zote mbili. Pengine ndiyo sababu pango hilo halikuhamwa kwa muda mrefu, hata nyakati ambazo nchi nyingine zilikauka.

Lakini jambo kubwa kuliko yote lilikuwa chini kabisa, yapata meta tatu kutoka sakafu ya leo. Mwaka 2013 vilionekana vipande vya mifupa. Mwaka 2017 shimo lenyewe likafunuliwa, dogo, la mviringo. Mifupa iliyokuwamo ilikuwa laini mno, ikisagika kuwa unga kila ilipoguswa. Wachimbaji wakaona kwamba wakiitoa mmoja mmoja wataipoteza yote. Basi wakalizungushia bonge zima la udongo plasta, wakalichukua jinsi lilivyo mpaka Nairobi, na kutoka hapo likapelekwa Burgos, katika Hispania, kwenye kituo cha uchunguzi wa asili ya binadamu, chini ya uongozi wa María Martinón-Torres. Huko meno mawili yalitokeza, nayo yakatoa ushahidi wa kwanza: aliyelala humo ni mwanadamu wa jamii yetu sisi, mtoto wa miaka miwili na nusu hata mitatu. Habari hizi zilitangazwa katika jarida la Nature mwezi wa Mei mwaka 2021.

Hapa yafaa kuuliza, maana swali hili ndilo kiini cha yote: yajulikanaje kwamba mtoto huyo alizikwa, wala hakufa tu pangoni akafunikwa na vumbi la miaka? Majibu ni manne. Kwanza, shimo lilichimbwa kwa makusudi, na udongo ulioujaza ni tofauti na ule uliolizunguka, kwa kuwa ulikusanywa kutoka sakafu ya pango. Pili, mifupa ilikuwa bado katika mahali pake, mmoja ukifuatana na mwenziwe, na udongo waonyesha kwamba mwili ulioza papo hapo. Basi ulifunikwa ungali mzima. Tatu, mtoto alilazwa kwa ubavu wake wa kuume, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, na mifupa ya bega na mbavu imebanwa kwa namna ya mtu aliyeviringishwa kwa nguvu katika kitu, pengine ngozi au majani. Nne, kichwa kiliinama kana kwamba kilikuwa kimewekwa juu ya mto, na mto huo ulipooza kikashuka katika nafasi yake. Sanda na mto vimetoweka, lakini mifupa imehifadhi umbo lake.

Umri wa kaburi hilo ni miaka 78,000 na kitu. Kwa mambo ya kale namna hii kipimo cha makaa hakifai, maana hakifiki mbali zaidi ya miaka 50,000. Ilitumika njia nyingine, ya kupima punje za mchanga. Punje ikiwa gizani hujiwekea nguvu kidogo kidogo kutoka katika udongo unaoizunguka, na ipatapo mwanga wa jua huipoteza. Kwa kupima nguvu hiyo mtaalamu hujua ni lini punje ile ililiona jua mara ya mwisho. Katika Afrika hakuna kaburi la mwanadamu wa jamii yetu lijulikanalo kwa hakika ambalo ni la kale kupita hili. Katika pango la Border, Afrika Kusini, alizikwa mtoto mchanga yapata miaka 74,000 iliyopita. Nje ya Afrika yako ya kale zaidi, kama yale ya Qafzeh, karibu na Nazareti, ambayo yana miaka 90,000 na zaidi.

Sasa msomaji wa pwani atakuwa ameona jambo. Ubavu wa kuume, sanda, kichwa kuegemezwa: si hivyo hivyo Mwislamu anavyolazwa kaburini hata leo? Mfanano huo wavutia sana, walakini yatupasa kujihadhari. Mwislamu hulazwa kwa ubavu wa kuume ili uso wake uelekee kibla, na desturi hiyo ina umri wa miaka 1,400. Waliomlaza mtoto wa Panga ya Saidi hawakuwa na kibla, na kaburi moja halitoshi kutuambia kama upande ule ulichaguliwa au ulitokea tu. Wala Wamijikenda wasidhaniwe kuwa ni wajukuu wa watu wale kwa sababu tu wanalicha pango lile lile. Kufanana si udugu, na mwenye kuandika habari za mila asipoangalia neno hili atajenga nasaba juu ya mchanga.

Fikiri habari ya neno lenyewe, kuzika. Mgiriama husema kuzika, Mganda kuziika, Mkikuyu kuthika. Neno moja lililoenea hivi ni la kale bila shaka, lilikuwako katika lugha-mama ya Kibantu kabla watu hawajatawanyika. Lakini wenye elimu ya lugha hukadiria kwamba lugha hiyo ilinenwa upande wa Kameruni miaka 4,000 au 5,000 iliyopita. Twende nyuma mpaka hapo, na bado tumebakiwa na miaka zaidi ya 70,000 kabla ya kulifikia lile shimo. Waliolichimba walikuwa na neno lao la kuzika, nasi hatutalisikia kamwe. Tendo letu ni la kale kuliko neno letu.

Ni tendo gani, basi? Mtoto wa miaka mitatu hajawa mwindaji wala mkusanyaji. Amekula kuliko alivyoleta. Kama watu wale wangehesabu faida tu, wangalimwacha msituni. Badala yake walichimba sakafu ile ile waliyolala na kuwasha moto, wakamviringisha, wakamwekea kitu chini ya kichwa, wakamfunika, kisha wakaendelea kuishi juu yake. Kwa habari ya imani yao mifupa haitupi neno. Lakini kwa habari ya uchungu wao imesema vya kutosha: hakuna amwekeaye mto mtu asiyemjali.

Waliomfukua walimpa jina la Mtoto, kwa Kiswahili, lugha ambayo wazazi wake wasingeielewa hata sauti moja. Jina hilo lamfaa. Katika yote tuliyochunguza kuhusu nafsi yake, hilo ndilo jambo tulijualo kwa hakika: alikuwa mtoto, na alikuwa na watu wake.