Nani kasema watu wa Pwani hawapendi shule?

Matokeo ya mitihani yakitoka tu, ndani ya daladala hakosekani mtu wa kutamka, tena kwa sauti ya juu: "Watu wa Pwani hawapendi shule, wanapenda ngoma." Abiria hucheka, gari likaendelea na safari. Leo tushuke kituo cha Bagamoyo, tuulize.

Miaka ya 1890 tajiri Sewa Haji, aliyekuwa akiuzia bidhaa misafara ya bara, aliwakabidhi Wajerumani jumba la ghorofa liwe shule, akitaka wapokelewe watoto wa kila rangi. Huko Tanga shule ya serikali ilifunguliwa mwaka 1892. Masomo yalikuwa kwa Kiswahili na dini haikuguswa, kwa hiyo Waislamu walipeleka watoto wao. Humo walitoka makarani na maakida waliotumwa mpaka bara. Kalamu ya serikali ilishikwa na mtu wa pwani!

Sasa nini kiligeuza mambo? Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Waliowapata zaidi ni watoto waliokombolewa utumwani, maana wenyeji walikuwa Waislamu. Wakasonga bara: Mhonda mwaka 1877, Kilema ya Kilimanjaro mwaka 1890. Waingereza walipotawala, tangu miaka ya 1920 walitoa ruzuku kwa shule za misheni. Shilingi ikaifuata misheni. Na misheni nyingi zilikuwa wapi? Kilimanjaro, Bukoba, Rungwe. Chuo cha Kurani, hata mtoto akijua kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, hakikuhesabiwa kuwa shule.

Chujio lenyewe lilikuja na shule za kati za miaka ya 1950, darasa la tano hadi la nane. Mtoto alifanya mtihani darasa la nne, na nafasi zilikuwa chache mno. Nyingi za shule hizo zilikuwa mikononi mwa misheni, na wengi walilala bweni. Mzee wa Kaole afanye nini? Ampeleke mwanawe mbali, kwa padre, huku akihofia atarudi amebatizwa? Wengi walibaki nao nyumbani. Hilo ndilo tulilokuja kuliita uvivu.

Sisemi hakuna uzembe. Wapo wazazi ambao samaki wakishika kasi, mtoto haonekani darasani, na hao tuwaambie waziwazi.

Mwaka 1969 serikali ilichukua shule za misheni, na mwaka 1974, kule Musoma, ikaamuliwa kila mtoto aingie shule kabla ya mwisho wa 1977. Dawati likapatikana. Lakini mtoto ambaye babu yake alifika darasa la nane haanzi darasa la kwanza pale alipoanzia mwenzake.

Orodha za matokeo huonyesha jina la shule na alama zake. Ningependa kuona safu moja zaidi: kati ya watoto hao, ni wangapi ambao babu zao walipata nafasi ya darasa la tano? Atakayeniletea safu hiyo, ya Kilema na ya Kaole, nitaisoma hapahapa redioni.