Mtoto akitimiza miaka 11 Dubai



Zamani nikikaa Deira tulikuwa na dada mmoja wa Mombasa, ameachika, ambaye hakutaka kabisa kusikia habari ya sikukuu ya kuzaliwa ya mwanawe. Mtoto alikuwa anatimiza 10. Sisi tukadhani ni ubahili wa keki, kumbe mwenzetu anahesabu: umebaki mwaka mmoja.

Kisa ni Sheria Namba 28 ya mwaka 2005. Kabla yake Emirates hawakuwa na sheria moja ya nchi nzima kuhusu ndoa na talaka. Mahakimu walifuata fiqhi. Sheria ile ikaweka namba: mama aliyeachwa alilea mtoto wa kiume hadi miaka 11, wa kike hadi 13. Baba ndiye aliyekuwa walii. Alidaiwa nafaka ya watoto, na aliruhusiwa kukaa na pasipoti zao, azitoe wakati wa safari tu. Sisi wageni tunajua pasipoti ni nini!

Mgeni aliweza kudai ahukumiwe kwa sheria ya kwao. Lakini kwa Mwislamu wa Mombasa hata nyumbani mambo hayo yako kwa kadhi, kwa hiyo dada hakuona nafuu huko.

Kilichomwokoa kilikuwa ndani ya sheria ile ile. Hakimu aliweza kuongeza muda kwa maslahi ya mtoto: wa kiume hadi abaleghe, wa kike hadi aolewe. Wengi hatukulijua hilo. Dada alipeleka ombi, akakubaliwa.

Baadaye mambo yakabadilika. Tangu Februari 1, 2023 wasio Waislamu wana sheria yao: talaka bila kuthibitisha kosa, na wazazi wote wawili wana haki sawa ya malezi. Kwa Waislamu, sheria mpya ilianza Aprili 15, 2025: malezi hadi miaka 18, awe wa kiume au wa kike, na mtoto akifika 15 anachagua akae na nani.

Nilimpigia dada simu kumweleza. Akacheka, halafu kimya. "Mwanangu ana ndevu sasa," akasema.

Kwa hiyo mama unayesoma hapa na mwanao ana 10, usitishwe na hadithi za 11. Kaulize mahakamani. Na keki mkatie.

Tukutane tena panapo majaaliwa.