Kilichonishinda kilikuwa hisabati au lugha yake?

MWANZONI mwa 1982 nilikuwa mwanafunzi wa ualimu katika chuo kikuu, masomo yangu mawili ya kufundishia yakiwa hisabati na Kiswahili. Wenzangu walinicheka sana kwa mseto huo. “Wewe utafundisha ngeli kwa aljebra?” waliniuliza. Nilicheka nao mpaka siku tuliyoanza kozi ya utangulizi ya milinganyo ya unyambuo. Hilo ndilo jina nitakalolitumia leo, na sababu yake nitaieleza.

Katika mlinganyo tuliouzoea sekondari, kisichojulikana ni namba. Ukiipata, kazi imekwisha. Katika milinganyo hii, kisichojulikana ni mwenendo mzima. Unaambiwa jinsi kitu kinavyobadilika, nawe utafute kitu chenyewe kilivyo kila wakati. Mhadhiri wetu hakutuambia hivyo. Aliingia, akatupa mgongo, akajaza ubao kwa Kiingereza na alama, akatoka. Sisi tukakariri: ukiona sura hii fanya hivi, ukiona sura ile fanya vile. Jaribio la kwanza nilipata alama 9 kwa 30. Rafiki yangu, ambaye kusema kweli alikuwa na kichwa chepesi kuliko changu, alipata 7, akaiacha hisabati muhula uleule na kuhamia historia. Sijawahi kuamini kwamba namba ndizo zilizomfukuza.

Agosti ikaja na jaribio la mapinduzi, vyuo vikafungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, nami nikarudi Mombasa kumsaidia mjomba katika mkahawa wake mdogo. Vitabu nilienda navyo. Jioni moja mjomba aliniona nimeinamia ukurasa uleule kwa muda mrefu, akauliza kuna nini humo. Nikamwambia ni habari ya vitu vinavyopoa. Akashangaa.

“Chai ikiwa moto sana hupoa mbio, mwanangu. Ikishakuwa vuguvugu, hupoa kwa uvivu. Hilo nalo wenda kulisomea chuo kikuu?”

Nilikaa kimya. Sentensi ile ndiyo iliyokuwa mlinganyo wangu. Kwa usanifu kidogo tungesema: kadiri chai inavyoizidi hewa kwa joto, ndivyo inavyopoa kwa kasi. Kitabuni imeandikwa dT/dt = −k(T − H), T ikiwa joto la chai na H joto la hewa. Sehemu ya kushoto ni “inavyopoa”. Mabano ni “inavyoizidi hewa”. Ile k iliyonitesa muhula mzima ni namba inayoipima “kadiri” yenyewe: kikombe cha bati kina kadiri yake na cha udongo kina yake. Alama ya kutoa ndiyo inayosema chai inapoa, haipati moto. Kiswahili kilikuwa na muundo wa kadiri na ndivyo kabla ya chuo chochote kujengwa huku kwetu, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nilikuwa nikiisema milinganyo ile kila siku.

Kanuni hiyo ya kupoa ilichapishwa na Isaac Newton mwaka wa 1701, kwa Kilatini na bila jina lake. Kujificha kulikuwa tabia yake. Mwaka wa 1676 alimwandikia Mjerumani Gottfried Leibniz kupitia kwa katibu wa Royal Society ya London. Alitaka ijulikane kwamba alikuwa na mbinu ya kuishughulikia milinganyo hii, ila hakutaka mtu aijue. Basi akaichukua sentensi yake ya Kilatini, akahesabu kila herufi imo mara ngapi, akaandika hesabu ile tu: a sita, c mbili, d moja, na kuendelea. Aliyeifumbua angesoma kwamba ukipewa mlinganyo wa viasi vinavyotiririka, utafute kasi za mitiririko yake, na kinyume chake. Fumbo kama hilo lingewashinda hata malenga wetu wa Lamu.

Leibniz alienda njia nyingine. Yeye ndiye aliyeiita milinganyo hii, kwa Kilatini, milinganyo ya tofauti. Mwaka wa 1684 alichapisha mbinu yake katika jarida la Leipzig, kurasa chache tu, pamoja na alama ya d tunayoitumia hadi leo. Newton alikuwa akiweka nukta juu ya herufi. Ndugu wawili wa Basel, Jakob na Johann Bernoulli, waliyasoma maandishi ya Leibniz, wakahangaika nayo, kisha wakayaendeleza; Johann akamfundisha Leonhard Euler, na Euler akajaza vitabu.

Waingereza walikataa. Ulizuka ugomvi wa nani alitangulia, Royal Society ikatoa hukumu ya kumpendelea Newton, na leo tunajua kwamba ripoti yenyewe iliandikwa kwa mkono wa Newton! Kwa karibu miaka 100 Cambridge iling'ang'ania nukta kwa uzalendo huku bara la Ulaya likiiacha nyuma. Hatimaye mwaka wa 1812 vijana wa chuo hicho, miongoni mwao Charles Babbage, John Herschel na George Peacock, waliunda chama cha kuileta d Uingereza. Peacock alipokuwa mtahini mwaka wa 1817 aliiingiza katika mtihani, na atakaye kupita ilimbidi ajifunze.

Kisa hiki huwakera wenzangu watetezi wa Kiswahili ninapowasimulia, maana Waingereza waliitetea lugha yao na wakapoteza. Mimi naona d ilishinda kwa sababu mwanafunzi wa kawaida aliweza kuifanyia kazi, na istilahi zetu nazo nazipima hivyo. Neno likiundwa kamatini ili kuonyesha tu kwamba tunalo, litabaki kamusini.

Ndiyo maana nasema unyambuo. Kila mwanafunzi wa sekondari hapa Kenya anajua kunyambua: pika, pikia, pikisha, pikika. Kiingereza nacho kina neno moja kwa tokeo la tendo hili la sarufi na kwa tokeo la lile la hisabati la kutoa kasi kutoka kwa mwenendo. Sasa mgeuzie mwanafunzi swali: nakupa pikia, nitafutie mzizi. Amekwisha kuelewa kutatua mlinganyo ni nini. Mfano wangu una kasoro, najua, kwa kuwa pikia ina mzizi mmoja ilhali mlinganyo mmoja una majibu mengi mpaka uambiwe chai ilianza na joto gani. Lakini kasoro hiyo mwanafunzi huiona mwenyewe, na akiiona tayari yumo ndani ya somo.

Vyuo vilipofunguliwa Oktoba 1983 niliirudia kozi ile nikapita. Kabla ya hapo, mkahawani, mteja mmoja aliletewa chai ya rangi, mara adhana ikalia. Akauliza kama atiwe maziwa baridi sasa au akirudi kuswali. “Sasa,” mjomba akasema, “utaikuta na moto wake.” Usiku ule nilikaa na mlinganyo, kurasa mbili nzima. Jibu likatoka vilevile: maziwa yakitangulia, chai haiizidi hewa sana, basi haipotezi moto mwingi. Asubuhi nikampelekea kurasa zangu kwa fahari. Mjomba akazitazama mbele na nyuma.

“Hizi zote ni za kuniambia nitie maziwa mapema?”

“Ndiyo, mjomba.”

Akazichukua, akamfungia mteja mahamri.