Manamba

Darasa letu la Kiingereza cha kazi hapa Kakuma ni la alasiri, jua likishapunguza ukali. Siku ya kwanza tulikuwa thelathini na kitu: Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wasudani Kusini. Mwalimu akaandika ubaoni maneno mawili, "employer" na "employee", akauliza nani anajua tofauti yake. Kimya. Mimi nilisoma kwa Kifaransa kwetu Burundi, nikadhani ni neno moja limeandikwa mara mbili kwa makosa. Mama mmoja wa Uvira, aliyekaa mbele na mtoto mgongoni, ndiye aliyetutoa gizani. Akasema: "Mwalimu, si ni mwajiri na mwajiriwa? Mmoja anaajiri, mwingine anaajiriwa." Darasa zima likacheka kwa kufurahi, maana jambo lilikuwa jepesi hivyo.

Jioni ile nilinunua daftari nikaanza kuandika maneno ya kazi. Nilitaka kuandika ya Kiingereza tu, ili nikiitwa kwenye usaili nisibabaike. Lakini kila nilipoandika moja, nilikuta jingine ambalo tulikuwa nalo nyumbani siku nyingi. Dereva, meneja, nesi, bosi: hayo yote ni Kiingereza kilichovaa nguo zetu. Karani na dobi yalitoka India. Mshahara ni Kiarabu, na ndani yake mna neno la mwezi, kwa sababu ni malipo ya mwezi. Kibarua nacho ni barua ndogo. Pwani, katika karne ya 19, mtu wa kazi ya siku alijulikana kwa kikaratasi alichopewa, na wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa, ambao sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana. Karatasi ikawa jina la mtu. Nikaanza kuona kwamba jina la kazi linakuja na yule anayelipa.

Halafu nikafika kwenye neno la babu yangu.

Nilipata kibali cha kutoka kambini kwenda Kitale kumpeleka mke wangu hospitali. Pale steji kijana mmoja alikuwa anapiga kelele za kuita abiria, anabeba mizigo ya watu, anagonga bodi ya gari. Nikamwuliza mwenye kibanda cha chai yule ni nani, ni kondakta? Akaniambia: "Huyo ni manamba." Nilishika kikombe bila kunywa. Neno hilo nililisikia mara ya mwisho nikiwa mtoto, kwetu upande wa Makamba, kinywani mwa babu. Kwetu lilikuwa jina la safari. Wazee walisema fulani alikwenda Manamba, kama vile ungesema alikwenda Ulaya, na wote walielewa kwamba alikwenda Tanganyika kukata mkonge.

Sasa nieleze, kwa sababu vijana wengi wanaosoma jarida hili hawajui habari hii, na wengine ni wajukuu wa manamba bila kujua.

Mkonge si mmea wetu. Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliuleta Afrika Mashariki mwaka 1893 kutoka Florida, Marekani. Aliagiza vichipukizi elfu moja, vikafika hai 62 tu. Hivyo 62 ndivyo vilivyozaa mashamba ya Tanga, Pangani, Korogwe na Morogoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge. Nyuzi za kamba nyingi za dunia zilitoka pale.

Lakini mkonge una miiba, na wenyeji wa Tanga walikuwa na mashamba yao ya kulima, hawakuona sababu ya kujichoma kwa senti chache. Wajerumani walijaribu nguvu. Mwaka 1907, kule Usambara Magharibi, kila mwanamume alipewa kadi na kulazimishwa kumfanyia kazi mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wenye mashamba waliendelea kutafuta watu mbali: Kigoma, Songea, Msumbiji, na kwetu Urundi. Mwaka 1944 walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, watu wakaiita SILABU. Aliyeandikishwa alipewa namba. Kwenye orodha, kwenye safari, kwenye malipo, alikuwa namba. Watu wa namba wakaitwa manamba. Ni neno la Kiingereza, "number", limewekewa "ma" yetu mbele likawa watu.

Babu alikuwa kijana baada ya njaa kubwa ya 1943 na 1944. Kwetu walitawala Wabelgiji. Kodi ililipwa kwa pesa taslimu, kahawa ilipandwa kwa amri, kazi za barabara zilikuwa za shuruti, na asiyetii alikula kiboko. Babu alisema hakukimbia kiboko, alikwenda kutafuta pesa ya kodi na nguo. Bibi akisikia hivyo alikuwa anakohoa kidogo, basi tunajua kwamba alikimbia. Alivuka mpaka kwa miguu mpaka Kasulu, akaandikishwa, akapanda treni ya reli ya kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, halafu lori mpaka Korogwe. Alikwenda kwa mkataba mmoja akakaa miaka minne.

Huko alijifunza Kiswahili. Mimi ninayeandika hapa, Kiswahili changu kimetoka kwenye mkonge. Baba alikipata kwa babu, mimi kwa baba, na leo ndicho kinachoniwezesha kuuza na kununua Kakuma na kuongea na ninyi.

Maneno aliyorudi nayo babu yalikuwa manne, alikuwa anayarudiarudia: kambi, posho, kipande, namba. Kambi ni pale walipolala. Posho ni chakula cha kupimiwa, unga zaidi ya vyote. Kipande ni kadi yenye nafasi 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa siku hiyo, unaandikiwa siku moja. Usipomaliza, hata kama jua limekuchoma mpaka jioni, siku hiyo haipo. Mshahara unatoka zikijaa siku 30, si mwezi ukiisha. Babu alisema mwezi wa mkonge ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa mbinguni. Namba yake aliijua mpaka kufa. Alishaanza kusahau majina yetu sisi wajukuu, akawa anaita wote jina la shangazi, lakini namba aliitaja bila kusita.

Huku Kenya nako kulikuwa na kipande, cha aina nyingine. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 ikaanza kutumika vita ilipoisha. Mwanamume Mwafrika alibeba karatasi yenye alama za vidole na jina la bwana aliyemwajiri, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Akiacha kazi bila bwana kuandika, alikuwa mhalifu. Harry Thuku alikipinga hadharani, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiwe walipigwa risasi. Mpaka leo Mkenya anaweza kukuuliza "kipande iko wapi?" akimaanisha kitambulisho tu. Neno limebaki, kikopo kimesahaulika.

Mtaniuliza, habari za wazee zinatuhusu nini? Zinatuhusu sana.

Kozi ilipoisha nilipata kazi ya kufundisha darasa la nne. Kwetu nilifundisha miaka saba kabla ya kukimbia mwaka 2015, kwa hiyo chaki niliijua. Nikapewa karatasi ya kusaini. Pale pa mshahara palikuwa na neno jipya, ambalo sasa hapa kambini kila mtu analitamka kama la kwao: insentivu. Nikauliza maana yake. Kijana wa ofisini, mpole tu, akaniambia: "Ni motisha, mwalimu. Mkimbizi hapewi mshahara, anapewa motisha."

Nikarudi nyumbani nikafungua daftari. Motisha ni kitu anachoongezewa mtu juu ya mshahara ili aongeze bidii. Juu ya mshahara upi? Darasa la pili yake alifundisha Mkenya, rafiki yangu, saa zile zile, vitabu vile vile, watoto wengi vile vile. Yeye alipokea mshahara, mimi motisha, na motisha yangu ilikuwa sehemu ndogo ya pesa yake. Simlaumu, alinikopesha mara nyingi. Kilichotutenganisha hakikuwa kazi, kilikuwa neno.

Nikalinganisha na babu. Kambi ninayo. Posho ninayo, siku hizi tunaiita mgao. Namba ninayo, ya familia, na siku ya mgao ndiyo inayoitwa. Kipande ninacho, chenye picha. Lakini babu, pamoja na miiba yote, karatasi yake ilikiri kwamba anafanya kazi na anadai ujira. Kwa sababu hiyo wenzake waliweza kudai zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wafanyakazi wa mkonge walikuwa na chama chao na waligoma kweli kweli, na baada ya uhuru wa 1961 ule mfumo wa kipande ukaondolewa. Mtu anayedai mshahara anaweza kudai uongezwe. Anayepewa motisha anadai nini? Anashukuru.

Sisemi watu wakatae kazi. Mimi nilisaini, watoto walikuwa wanne na unga ulikuwa umekwisha. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021 inatambua kwamba mkimbizi anaweza kufanya kazi, na wako wenzetu waliopata vibali. Lakini njia ni ndefu, na wakati tunaitembea, miaka inapita bila kuandikwa popote, kama siku za babu ambazo hazikujaa.

Kwa hiyo nilipoacha kufundisha pale niliomba barua. Mara ya kwanza nikaambiwa nisubiri. Mara ya pili nikapewa karatasi inayosema nilikuwa "incentive worker" aliyesaidia shughuli za elimu. Nikairudisha. Nikasema kwa adabu: "Ndugu zangu, sikusaidia shughuli. Nilifundisha hesabu na sayansi, miaka mitano, nikasahihisha mitihani." Wakanitazama. Mama mmoja wa ofisi ile, ambaye nilimfundishia mwanawe, akasema niache daftari langu la mahudhurio nirudi Ijumaa.

Ijumaa barua ilikuwa tayari. Imeandikwa "Teacher", darasa la nne, na mwezi wa kuanza na mwezi wa kumaliza. Mistari minne tu, na mhuri. Nikaisoma nimesimama uani, halafu nikaisoma tena. Kipande cha babu kiliungua pamoja na nyumba yetu mwaka 1993, hatuna hata kipande cha kipande. Hii yangu nimeipigia picha, nakala nyingine nimempa dada yangu aliye Nyarugusu.

Basi ombi langu kwenu ni dogo. Kama unafanya kazi kambini, iwe ukalimani, ulinzi, usafi au kubeba magunia ya mgao, omba barua yenye jina halisi la kazi na tarehe zake. Na kama bado una mzee aliyekwenda Manamba, muulize namba yake, uiandike.