Chujio la Soo Moja

Mwishoni mwa 2023 pikipiki ilinizimikia mlimani nje ya Litein, nyuma nimefunga magunia mawili ya majani ya chai ya mama. Nikipiga kiki inashika, inaenda mita kadhaa, inakohoa, inazima tena. Niliisukuma hadi kituo cha kununulia majani. Lori la kiwanda lilikuwa limeshaondoka. Na majani mabichi hayangoji: yakilala kwenye gunia yanapata joto, yanageuka kahawia, na kesho yake hakuna karani atakayekubali kuyapima.

Asubuhi fundi alichomoa chujio la mafuta, kale kakopo ka plastiki kanakokaa kati ya tangi na kabureta. Akakapuliza. Pumzi haikupita. Ndani kulikuwa na kutu na tope.

"Kijana, hii mafuta ulitoa wapi?"

"Ya chupa, mzee. Pale kibandani."

Akanusa. "Zamani ningesema wameweka ya taa. Hii ni uchafu tu. Na si nilikwambia mwezi jana ubadilishe hii kitu?"

Aliniambia, kweli. Soo moja tu. Nikaona heri niongeze mafuta. Ndiyo hesabu ya watu wa boda wengi hapa Kericho na Bomet: spea inaweza kungoja, mafuta hayawezi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza hesabu hii tuliipata wapi.

Boda ilianzia mpakani Busia miaka ya 1960, kwa baiskeli zilizovusha watu kati ya Kenya na Uganda. Huku kwetu baiskeli haikufua dafu mbele ya milima. Mama anasema majani yalibebwa mgongoni au kwa punda. Mambo yaligeuka 2008, serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki zisizofika 250cc. Ikaja Boxer, ikaja TVS, zikaja za Kichina za kila jina. Vijana waliokosa karo wakapata kazi. Mimi nilifuata baadaye, nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa sababu hiyo hiyo. Bei ya kuingia kwenye kazi ilishushwa. Bei ya kubaki barabarani, yaani tairi, cheni, plagi, breki, chujio, ikaachiwa mwendeshaji.

Na chujio huku halidumu. Mvua ya Kericho hunyesha karibu kila alasiri. Maji yanapenya kwenye kifuniko cha tangi, chuma kinashika kutu, kutu inashuka na petroli. Likianza kuziba, kwenye tambarare hutajua, kwa sababu injini haidai mafuta mengi. Ni mlimani, ukiwa na mzigo, ndipo kabureta inakauka kabla chujio halijapitisha mengine. Ukisimama dakika chache inajaa, inawaka, unadhani imepona.

Lakini kuna kitu chujio haliwezi kushika. Mafuta ya taa hupita humo sawa na petroli. Kwa miaka mingi yalitozwa kodi ndogo kwa sababu ndiyo yaliyowasha taa na stovu za maskini, na pengo hilo la bei likawa biashara ya walaghai: changanya, uza kama dizeli au petroli, weka faida mfukoni. Mwenye pikipiki akabaki na moshi na plagi nyeusi.

Septemba 2018 serikali ikaleta chujio lake: ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuchanganya kusilipe tena. Pengo likazibwa, na mauzo ya mafuta ya taa yakaporomoka. Mwaka huo nilikuwa kidato cha tatu, nikisoma kwa koroboi. Mama hakuwahi kumchanganyia mtu mafuta, lakini faini alilipa yeye, kila alipotuma mtoto dukani na chupa.

Kisha Julai 2023 VAT ya mafuta ikapanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Septemba lita ya petroli Nairobi ilikuwa imepita shilingi 200. Ukiwa na hamsini mfukoni na kituo cha mafuta kiko mbali, unanunua ya chupa. Chupa ina uchafu, uchafu unaziba chujio, na pesa ya chujio umeshainywesha pikipiki.

Kwa hivyo sikubali kwamba vijana wa boda hawajui kutunza vyombo. Tunajua. Kila mabadiliko ya kodi yalifanywa na wakubwa, na mara nyingi tofauti yake ilikuja kutolewa kwenye kitu kidogo ambacho mtu anaweza kukiahirisha.

Fundi alifunga chujio jipya, mshale ukielekea kabureta. Mama alimwaga majani ya jana chini ya miche. Hakugomba. Aliuliza tu hicho kitu ni pesa ngapi.

"Soo moja, mama."

Akanyamaza, akachukua kikapu, akarudi shambani kuchuma upya. Siku hizi chujio moja la akiba linakaa chini ya kiti changu, ndani ya karatasi ya nailoni.