Habari za Kale za Udongo wa Tarime na Serengeti

Tukitaja historia, desturi yetu ni kusimulia habari za koo, vita na safari. Lakini nchi yenyewe nayo ina historia yake katika miamba, na shamba la kila mkulima ni sehemu ya habari hizo.

Tuanze na matale, yale majabali makubwa yaonekanayo katika mbuga za Serengeti na vilima vya Tarime. Mawe haya yalikuwa uji wa moto chini ya ardhi, yakapoa na kuganda zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita. Udongo uliokuwa juu yake ukachukuliwa na maji, nayo yakabaki wazi. Mchana jua huyapasha, usiku baridi huyanyweza, hata magamba yakabanduka. Maji ya mvua huingia nyufani, yakazigeuza chembe dhaifu kuwa mfinyanzi. Zile ngumu zing'aazo hubaki kuwa mchanga. Chuma kilichomo hushika kutu, ndiyo asili ya wekundu wa mashamba mengi. Majani yaozapo humo, ndipo tupatapo udongo wa kulima. Kazi hii ni ya polepole sana: udongo wenye unene wa kidole gumba huhitaji mamia ya miaka.

Wala udongo hautulii mahali ulipozaliwa. Huko Ikorongo, wilaya ya Serengeti, yako mawe ya mchanga na ya tope. Zamani, kabla mnyama yeyote hajakanyaga nchi kavu, maji yaliutandaza mchanga ule tabaka juu ya tabaka. Uzito wa tabaka za juu ukaushindilia, na madini yaliyoyeyuka majini yakaugandisha kama saruji.

Kusini mashariki, nje ya wilaya hizi, udongo ulitoka angani. Majivu ya volkano yalifunika mbuga, na Ol Doinyo Lengai ulitoa mengine mwaka 1966 na tena 2007. Mvua huiyeyusha chokaa ya majivu hayo na kuishusha chini, ikafanya sakafu ngumu ambayo mizizi ya miti haiwezi kuipenya. Kwa hiyo nchi ile ni ya majani mafupi. Katika tabaka za namna hiyo, huko Olduvai, Mary Leakey aliona mwaka 1959 fuvu la kiumbe wa jamii ya binadamu, la miaka ipatayo milioni 1.8.

Sasa tuutazame mto Mara, upitao kati ya wilaya hizi mbili. Wakati wa masika maji yake huwa mekundu. Wekundu ule ni mashamba yetu yakisafiri. Tope hutua katika mafunjo karibu na Kirumi, na jingine huingia ziwani. Mvua moja kubwa kwenye mteremko uliolimwa bila makinga maji yaweza kuondoa kazi ya karne nyingi.

Basi, tulime kwa kukingama mteremko, tupande majani kwenye matuta, na tuuache ukingo wa mto kama Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inavyoagiza, yaani meta 60. Udongo ulioingia ziwani haurudi. Huenda siku moja ukawa jiwe kama lile la Ikorongo, lakini watoto wetu hawatapanda wimbi juu yake.